Kitabu cha Tano cha Dereva Zamda

Nilikiona juu ya dashibodi ya lori la makaa ya mawe, kati ya chupa ya maji na rozari, kimejikunja kwa jua kama jani la tumbaku. Jalada halikuwepo. Nilikuwa nimepanda ngazi ya lori kumpelekea dereva sahani yake ya ugali na maharage, maana hapa mgodini Ngaka madereva walio kwenye foleni ya kupakia hawapendi kushuka, wanaogopa kupitwa na zamu. Nikampa sahani, nikasahau maji ya kunawa. Macho yangu yalikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, ambao kwa kukosa jalada ndio uliokuwa uso wa kitabu. Ulianza hivi: lori limening'inia, magurudumu ya mbele hayagusi kitu, na Dereva Zamda bado ameshika usukani.

"Dada, maji," dereva akasema.

"Kitabu hiki umekitoa wapi?"

"Maji kwanza."

Nikamletea maji mbiombio, nikarudi kusimama kwenye ngazi. Akaniambia alikikuta chini ya kiti siku alipokabidhiwa lori, na hukisoma foleni inapokuwa ndefu. Niliomba aniazime. Alikuwa anakwenda Mtwara kushusha makaa, akasema akirudi anakitaka.

"Utakikuta," nikamwambia.

"Na siku hiyo unipikie nyama, si maharage."

"Hata kuku."

Akanitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. Hakujua, na ningemwelezaje na ugali unapoa, kwamba kitabu kile nilikuwa nakitafuta tangu nikiwa darasa la tano.

Wewe keti nikusimulie, maana una nafasi kuliko yule dereva.

Kwetu ni milimani, upande wa Matiri, ambako mibuni inafika hadi mlangoni, na asubuhi ukungu ukipanda kutoka bondeni huoni hata choo cha jirani. Nililelewa na bibi na babu, wazazi wa baba yangu. Babu alikuwa mtu wa kushuka Ziwa Nyasa. Kila baada ya mavuno alipeleka maharage Mbamba Bay, akarudi na samaki wakavu, mbasa na dagaa, wakiwa wamenukisha moshi hadi koti lake. Na mara nyingine, chini ya samaki, kulikuwa na kitabu. Alivinunua kwa wachuuzi waliokuwa wakingoja meli. Vilikuwa vitabu vyembamba, karatasi zake nyepesi, na harufu ya dagaa haikutoka ndani yake hata ukivianika wiki nzima. Mpaka leo nikishika kitabu kipya nakinusa kwanza, halafu nashangaa kidogo kwamba hakinuki samaki.

Ulikuwa mfululizo mmoja tu, wa Dereva Zamda. Zamda ni mwanamke anayeendesha lori jekundu, na utingo wake anaitwa Machupa, mfupi, mwoga, mwongo, lakini akiimba hata injini iliyogoma huwaka. Kila kitabu kina mzigo mpya na barabara mpya. Katika cha kwanza wamebeba sukari ambayo si sukari. Katika cha pili kuna bibi harusi aliyejificha kati ya magunia. Zamda anakunywa chai ya rangi bila sukari, hapendi kuombwa lifti, lakini hajawahi kumwacha mtu barabarani. Kila anapowasha gari husema, "Barabara haina mwenyewe." Sisi watoto tulisema hivyo hata tukienda kuchota maji.

Babu alikuwa akimsomea bibi jioni, wakati bibi anachagua maharage kwenye ungo. Bibi hakujua kusoma, lakini Zamda alimjua kuliko ndugu wengine wa ukoo. Alimwita "mke mwenzangu", kwa sababu, alisema, hakuna mwanamke mwingine ambaye mume wake alimtaja kila siku.

Babu alipata cha kwanza hadi cha nne. Cha nne kinaishia darajani: mbao zimekatika, lori jekundu limening'inia juu ya mto, na Machupa anapiga kelele. Safari iliyofuata babu akarudi na cha sita. Cha tano hakikuwepo. Akakifunga cha sita kwa kitambaa, akakiweka juu ya boriti, akasema, "Mtu hafiki ng'ambo kabla ya kuvuka." Kila aliposhuka ziwani aliulizia cha tano. Akafariki bado anaulizia.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza.

Kwetu kuna sengu, yaani watu wa ukoo mmoja kula pamoja na kupanga mambo yao. Matanga yalipokwisha, kwenye sengu, mdogo wake babu akanawa mikono akasema lililokuwa moyoni. Mimi nilimwita babu mdogo. Alikuwa mwembamba, mkali, mguu wake wa kushoto aliuburuta kidogo, na hakuna mtoto aliyethubutu kuuliza kwa nini.

"Shemeji," akamwambia bibi, "mkono wako umevunjika haujaunga. Huyu mjukuu ni mdogo. Ule mteremko ukikaa na nyasi msimu huu, nitauchukua niulime mimi. Ardhi haikai matanga."

"Na ukikuta maharage?"

"Nikikuta maharage yameota, sitasema neno."

Mteremko ule ndio uliotulisha. Bila ule, bibi angekuwa mgeni kwenye chungu cha shemeji yake mpaka kufa. Na mteremko wa kwetu haulimwi na mtu mmoja, kwa sababu tunalima ngolo. Wanaume hufyeka nyasi, huzilaza chini kwa mistari inayokatana kama wavu. Wanawake hufuata na majembe, huchimba udongo katikati ya kila jicho la wavu na kuzifukia zile nyasi. Mlima unabaki na mashimo yaliyopangwa kama sega la nyuki, na mvua ikinyesha maji yanatulia humo badala ya kukimbia na udongo bondeni. Kazi hiyo hufanywa kwa ngokela: unaalika watu, wanalima, unawapa pombe. Lakini mahindi ya bibi yote yalikwenda kwenye matanga. Alikuwa na togwa tu, isiyolevya.

"Kwa togwa atakuja nani, dada?" jirani yetu akamuuliza. Jirani huyo alikuwa mama mwenye sauti ya kengele na mdomo usio na mlango, lakini kama una shida yeye ndiye wa kwanza kufika.

"Watakuja kwa Zamda," bibi akasema.

Nilidhani uchungu wa msiba umempanda kichwani. Kumbe alikuwa amekwisha pima. Siku ya kwanza walikuja wachache, jirani na binti zake na vijana wawili watatu waliofuata binti za jirani. Bibi akaniweka juu ya jiwe katikati ya mteremko, kitabu cha kwanza mkononi, akatangaza sheria yake: "Jembe likisimama, kitabu kimefungwa." Mkono wake uliovunjika ulikuwa umefungwa kwa kipande cha khanga, na kwa ule mzima alinipa ishara kama mwalimu wa kwaya. Majembe yakienda, nasoma. Mtu akijinyoosha mgongo wakati Zamda anafukuzwa na wezi, mkono wa bibi unashuka, nafunga.

"Mama we, lima!" watu walimfokea aliyesimama. "Tunataka kujua!"

Wakajifunza kupiga jembe taratibu, bila kishindo, ili sauti yangu ifike. Mimi nami nikajifunza kusoma kwa pumzi ndefu, kwa sauti ya kupanda mlima. Yale niliyofundishwa darasani kuhusu kusoma yalikuwa ya chumba. Haya yalikuwa ya uwanja. Wakati wa mapumziko tulikula viazi na maharage, tukanywa togwa, na watu wakabishana kuhusu Machupa kama wanavyobishana kuhusu mume wa mtu.

Habari ikatembea. Mara ya pili walikuja wengi. Mara ya tatu kulikuwa na ngokela nyingine kilima cha pili, yenye pombe ya kutosha, na bado watu wakaja kwetu. Nasikia mwenye pombe alikunywa na wanawe.

Tatizo la mfululizo, rafiki yangu, ni kwamba unakwisha kabla hujawa tayari. Siku niliyofunga kitabu cha nne, Zamda akiwa amening'inia darajani, sehemu ya juu ya mteremko, ile yenye mwinuko mkali, ilikuwa bado nyasi tupu. Bibi alikuwa ametuma ujumbe kwa wanawake wanaopanda na samaki kutoka ziwani. Jibu likaja na dagaa: kitabu cha tano kilifika kimoja tu, kikanunuliwa na abiria wa meli, akaondoka nacho. Mvua zilikuwa zinaelekea mwisho, na maharage hayangoji mtu. Babu mdogo naye akaanza kupita njia ya juu, mikono nyuma, anatazama nyasi.

Ngokela iliyofuata watu walikuja, lakini kwa mguu mzito, kama waliokuja kuaga. Bibi alikuwa amekiteremsha cha sita kutoka kwenye boriti. Akafungua kile kitambaa mwenyewe.

"Soma ukurasa wa kwanza," akaniambia. "Mmoja tu."

Nikasoma. Zamda amekaa kibandani anakunywa chai ya rangi. Nje limeegeshwa lori lake, la buluu. Machupa anakuja na mkate, anachechemea.

"Funga," akasema bibi.

Mteremko mzima ukalipuka.

"Buluu? Lori si jekundu?"

"Machupa ana nini mguuni?"

"Wametokaje darajani? Mama, wametokaje?"

"Sijui," bibi akajibu. "Mume wangu amekufa hajui. Hiki cha sita kitasomwa kule juu, kwenye shimo la mwisho. Mpaka tufike huko, anayejua walivyotoka darajani na aseme, jembe lake likiwa linakwenda."

Kisha jirani akatema mate mikononi, akapiga jembe la kwanza.

"Mimi najua," akasema. "Daraja halikosi kijiji. Watu wamesikia kishindo, wametoka na majembe yao. Imekuwa ngokela. Kwanza wanashusha yale magunia yote, lori liwe jepesi..."

"Mmemuua!"

Sauti ilitoka njiani. Babu mdogo alikuwa amesimama pale, uso umekunjamana kwa hasira ya kweli.

"Nani kauawa, shemeji?" bibi akauliza.

"Zamda! Pua ya lori iko hewani, mzigo uko nyuma. Huo mzigo ndio unaolishika. Mkishusha magunia linakwenda lote mtoni, na yeye yumo ndani!"

Jirani akaegemea mpini. "Basi tufanyeje, fundi?"

"Jembe," bibi akamkumbusha.

"Hamshushi, mnaongeza!" Babu mdogo alikuwa tayari ameacha njia, anashuka kwetu akiburuta mguu. "Watu wanene wote wapande nyuma."

"Basi wewe hupandi," jirani akasema, akichimba, na watu wakacheka mpaka kwaya ya majembe ikapotea njia.

Babu mdogo hakucheka. Akaeleza kwamba lori huvutwa kwa nyuma, kwa kamba, lakini mvua imenyesha, magurudumu ya nyuma yako kwenye tope, yanateleza. Kijana mmoja, mundu mkononi, akatazama nyasi alizokuwa amezilaza miguuni pake.

"Si tulaze nyasi hivihivi," akasema polepole, "halafu tufukie udongo? Gurudumu litashika."

Babu mdogo akamgeukia. "Hapo umesema."

Nakwambia, sijawahi kuona watu wakilima vile. Walikuwa wanamtengenezea Zamda barabara. Kila ngolo iliyokamilika, mtu alipaza sauti, "Limepanda!" na mwingine akajibu, "Bado! Vuta!" Rangi ya buluu jirani aliitatua bila kuinua kichwa: lori lilichubuka, na kijiji kikampa Zamda rangi iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa. Hakuna aliyepinga. Mlango wa kanisa letu ulikuwa wa buluu.

"Na mguu wa Machupa?" mmoja wa binti za jirani akauliza.

"Hiyo ni kazi ya utingo," babu mdogo akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lori likivutwa nyuma, kila likipata hatua, utingo anasukuma jiwe mbele ya gurudumu lisije likarudi. Mvua inanyesha. Jiwe linateleza. Unatangulia mguu badala ya jiwe. Na gurudumu halijui kwamba huo ni mguu wa mtu."

Alikuwa anatazama mguu wake wa kushoto. Sisi watoto tulisikia tu kwamba ujanani alifanya kazi kwenye malori ya kahawa, kisha akaacha. Hakuna aliyewahi kutuambia zaidi.

"Halafu?" jirani akauliza, safari hii kwa sauti ndogo.

"Akabebwa mgongoni mpaka hospitali ya misheni. Ni mbali. Mvua haikukatika njia nzima."

"Akabebwa na nani, shemeji?" bibi akauliza.

Majembe yote yalikuwa yamesimama, na kwa mara ya kwanza bibi hakulalamika. Babu mdogo akazitazama nyasi za juu.

"Na Zamda," akasema.

"Haya," bibi akaitikia. "Na Zamda."

Babu mdogo akachukua mundu kutoka kwa yule kijana, akapanda hadi sehemu ya juu, akaanza kufyeka nyasi. Alifyeka mpaka jioni, mguu wake ukiburutika nyuma yake. Nilipokuwa nachochea moto, bibi akaniambia, kama anayeniambia chumvi imekwisha, kwamba aliyembeba ni babu.

Tulifika shimo la mwisho kabla mvua hazijakatika. Cha sita nilikisoma pale juu, watu wameketi kwenye kingo za ngolo mpya, udongo bado unatoa mvuke, na babu mdogo alikuwa ameketi karibu kuliko wote kwa sababu, alisema, masikio yake si mazuri. Yalikuwa mazuri sana. Maharage yaliota. Kwenye sengu iliyofuata babu mdogo alinawa, akala, akashiba. Hakusema neno, kama alivyoahidi.

Mwaka uliofuata nikaacha shule, nikiwa darasa la sita. Walimu walisema nimepotea, lakini mimi nilijiona nimewahi. Barabara haina mwenyewe. Nimechuma kahawa za watu, nimelima Litumbandyosi, nimekaa ufukweni mwa ziwa nikianika dagaa juu ya mchanga, nimepika katika vibanda ambavyo sasa nyasi zimevimeza. Popote nilipofika niliuliza mambo mawili: kazi ya hapa inafanywaje, na je, mna kitabu cha tano cha Dereva Zamda? Kule ziwani nilikuta mabibi waliovisoma vya kwanza na kukwama darajani kama sisi. Nikawasimulia cha kwetu, chenye nyasi na mlango wa kanisa, tukiwa tunageuza dagaa. Walilia Machupa alipokanyagwa. Nadhani nusu ya pwani ile ya Nyasa inaamini mpaka leo kwamba ndivyo kilivyoandikwa.

Na katika kuzurura kwangu nimewauliza wengi, madereva, watawa, wauza mitumba, kwa nini mtu akishaonja mfululizo hatosheki na kitabu kimoja. Kila mtu ana lake. Mimi naona hivi: kitabu kimoja ni mgeni, anakula, anashukuru, anakwenda. Mfululizo ni jamaa. Unamjua anavyokunywa chai. Unajua atakapodanganya na atakapoogopa, na bado ukisikia hodi yake unakimbia mlangoni, kwa sababu yeye ni yuleyule na barabara aliyotoka ni mpya. Kwa sisi tuliozaliwa tunatazama kilima kimoja, hiyo si raha ndogo. Halafu kuna kungoja. Kati ya kitabu na kitabu unabaki na mtu aliyening'inia, na huwezi kumwacha hivyo. Usiku unamtafutia kamba, shambani unamtafutia kamba. Mwandishi anaandika vitabu, lakini ile nafasi iliyo kati ya kimoja na kingine ametuachia sisi.

Basi siku ile ya Ngaka nilimkabidhi mwenzangu sufuria, nikapanda bodaboda kwenda Matiri.

Bibi amelala chini ya mteremko, kando ya mibuni, jirani na babu. Mteremko ni wangu sasa, na nisipokuwepo hulimwa na wajukuu wa jirani. Ngolo bado zipo, ingawa siku hizi wengi wanalima kwa malipo na ngokela imekuwa ya kutafuta. Vile vitabu vya babu viliazimwa kimoja kimoja, vikaenda kama vijana waendavyo mjini. Mlango wa kanisa umepakwa kahawia.

Babu mdogo nilimkuta uani, anaota jua, jirani amekaa karibu naye anapukuchua mahindi. Sauti ya kengele imepasuka kidogo, mdomo bado hauna mlango.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama."

"Marahaba, mzururaji," babu mdogo akasema. "Umekuja kukaa au unapita?"

"Nimekuja na cha tano."

Jirani akaacha kupukuchua. Watoto wakakusanyika bila kuitwa. Nikafungua, nikasoma kwa ile sauti yangu ya kupanda mlima, na sikuwa nimefika mbali kabla ya kuona mbele yangu jambo litakaloleta shari. Nikasoma tu. Tajiri wa Zamda anapiga simu mjini. Winchi inakuja. Inalinyanyua lori na kuliweka barabarani.

"Inakuja nini?" babu mdogo akauliza.

"Winchi, babu."

"Imepitia wapi, na daraja limekatika?"

"Hakikusema."

"Na watu wa kijiji?" jirani akadakia.

"Hawamo."

"Hatumo! Na Machupa je?"

"Aliruka kutoka kwenye lori, akateguka."

"Na ile buluu?"

Nikafunua mbele, nikatafuta. "Tajiri amenunua lori jingine."

Jirani akajipiga paja mpaka mahindi yakamwagika. "Kwa hiyo letu limetupwa! Na jasho lote lile! Huyu aliyeandika hajakwama hata siku moja maishani mwake."

Nikasoma mpaka mwisho, na baada ya pale daraja kitabu kilikuwa kizuri, wezi wake werevu, Machupa akadanganya mpaka polisi wakaomba radhi. Walicheka, walitikisa vichwa. Nilipofunga, babu mdogo aliweka kidevu juu ya fimbo.

"Rudia tangu mwanzo," akasema. "Ukifika kwenye winchi, funga kwanza, tuweke chetu. Halafu uendelee na chake. Wezi wake ni wazuri."

Nikarudia. Nilipofika kwenye winchi nikafunga kitabu, na jirani akapokea, daraja halikosi kijiji, na kijiji kikatoka na majembe. Babu mdogo akawapandisha wanene nyuma. Mjukuu mmoja wa jirani, binti mwenye meno mawili yaliyong'oka, alisikiliza habari ya jiwe na gurudumu, kisha akautazama mguu wa mzee, akauliza lile ambalo sisi hatukuthubutu kuuliza.

"Babu, Machupa ni wewe?"

"Nilikuwa utingo," akasema babu mdogo.

"Na nani alikubeba?"

Jirani akainamisha kichwa kwenye mahindi yake. Mimi nikashika kitabu kwa mikono miwili.

"Kaka yangu," akasema. "Babu yake huyu anayesoma. Na mvua ilikuwa inanyesha njia nzima."

Kisha akaniashiria kwa fimbo niendelee.

Dereva alirudi kutoka Mtwara lori likiwa tupu, vumbi hadi kwenye kope. Kuku wake alikuwa tayari. Nikampandishia sahani na maji ya kunawa, maji kwanza, na kitabu chake nimekifunga kwa kipande cha khanga.

"Umemaliza?" akauliza. "Kizuri?"

"Kizuri. Ila mwanzoni pale kina kosa."

"Kosa gani?"

Foleni mbele yake ilikuwa ndefu, haisogei. Nikafungua mlango wa upande wa pili, nikakaa kwenye kiti cha utingo.

"Kula," nikamwambia. "Winchi haikuwepo."